Kengele Ikiuliza, Usiseme Mzuri

Kila Jumamosi asubuhi, kule Satellite, mtaa wa Nairobi, nyumba ya Mukonyo na Kavindu ilianza siku kwa ubishi. Si ubishi wa kuvunja vyombo, la hasha. Ulikuwa ubishi wa mume na mke waliokaa pamoja miaka ishirini na saba, bado wanapendana, ila hawataki majirani wajue.

Jumamosi hii walibishania kengele.

Haikuwa kengele ya kanisa wala ya baiskeli. Ilikuwa ndogo na nyeusi, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Katikati ilikuwa na kitufe chekundu, na juu ilikuwa na kamba ya kuvalia shingoni. Kavindu alipewa kazini wiki tatu zilizopita.

"Mlipewa mvae, mama Mwau, hamkupewa mfiche," akasema Mukonyo. Alikuwa mbele ya mlango na cherehani yake, anashona sare za shule. Mukonyo ni fundi wa nguo, na watoto wengi wa mtaa huo huenda shuleni na kaptula zake.

"Baba Mwau, wewe ni Mkamba. Mimi ni Mkamba," akajibu Kavindu. "Sasa nipite hapo nje na kitu cheusi shingoni, kimefungwa kwa kamba. Kina mama wa kanisa watasema nini?"

Mukonyo akaangua kicheko. "Watasema umetoka kwa mganga."

"Umeona! Na mimi ndiye mwenyekiti wao."

Akaifunga ile kengele ndani ya leso. Akaitia kwenye mfuko wa ndani wa sketi yake. Kisha akachukua kopo lake la muthokoi, yale mahindi na maharagwe ambayo asipoyala mchana husema hajala.

Kabla ya kutoka alimwona mumewe akijisugua kifua kwa kiganja.

"Habari ya kifua leo?"

"Mzuri. Ni uchovu wa cherehani tu."

"Na kichwa?"

"Mzuri, mama. Nenda, utachelewa."

Kavindu akaenda. Hakuuliza tena, kwa sababu yeye mwenyewe hujibu hivyo hivyo. Ndivyo tulivyo. Ukimuuliza mtu habari, atasema mzuri. Ana homa, mzuri. Amefutwa kazi, mzuri. Nyumba imeungua usiku, atakuambia mzuri, ila nyumba imeungua. Tumefundishwa kwamba salamu hujibiwa vyema, na kwamba kulalamika mbele za watu si adabu.

Kavindu alikuwa akisafisha ofisi katika jumba moja refu kule Westlands. Siku za wiki walikuwa watu sita. Jumamosi alifanya peke yake, orofa ya tisa, ofisi zikiwa tupu. Aliipenda siku hiyo kuliko zote. Angeimba bila kusikiwa na mtu. Angepangusa madirisha na kuona hadi vilima vya Ngong. Lakini kufanya kazi peke yako kuna hatari yake, kwa maana ukipatwa na jambo hakuna wa kukuona. Ndiyo sababu kampuni ilileta zile kengele.

Siku ya mafunzo Kavindu alikaa nyuma kabisa, karibu na mandazi. Alichoshika ni mambo mawili. Ukipata shida, bonyeza kitufe. Na ukianguka, kengele itajua yenyewe, halafu mtu atakuongelesha kutoka humo humo ndani. Mambo mengine yalimpita. Hata kuchaji alisikia kwa sikio moja.

Langoni alimkuta Zadock, mlinzi, mtu wa Vihiga, mwenye maneno mengi na roho nzuri.

"Mama Kavindu! Uko aje leo?"

"Mzuri, Zadock."

"Andika jina hapa. Ukimaliza unipitie, usitoroke na sabuni yetu."

"Sabuni yenyewe haitoi povu, nitoroke nayo niende wapi?"

Wakacheka. Kavindu akapanda lifti.

Alifanya kazi vizuri hadi saa saba mchana. Alipiga deki, akamwaga takataka, akaosha vikombe. Likabaki dirisha moja tu, refu. Ngazi ilikuwa stoo. Stoo ilikuwa imefungwa, na ufunguo alikuwa nao msimamizi, na msimamizi hakuja Jumamosi. Kavindu akatazama huku na huku. Akaona kiti cha meneja, kikubwa, cha ngozi, chenye magurudumu.

"Dakika moja tu," akajiambia.

Ajali nyingi huanza na maneno hayo matatu.

Kiti kikateleza. Kavindu akaanguka vibaya, mguu wa kulia ukabaki chini yake. Akausikia ukilia, ka!, kama kijiti kikavu. Maumivu yakampanda hadi kichwani. Hakuweza hata kupiga kelele.

Mara sketi ikaanza kutetemeka. Kengele ilikuwa imejua. Sauti ya msichana ikatoka ndani ya leso, sauti tamu, yenye heshima.

"Habari ya mchana, mama Kavindu?"

Na Kavindu, amelala sakafuni, mguu umevunjika, machozi yanamtiririka, akajibu vile alivyojibu maisha yake yote.

"Mzuri sana, mwanangu. Sijui wewe?"

"Mimi pia mzuri, mama. Kengele imetuonyesha kama umeanguka. Uko salama?"

"Tuko salama, tunamshukuru Mungu."

"Haya, mama. Uwe na siku njema."

"Na wewe pia. Salimia watu."

Sauti ikakatika.

"Woi!" Kavindu akajiambia. "Kavindu, umesema nini?"

Angeweza kubonyeza kitufe amwite tena. Lakini aibu ni kitu kibaya. Alifikiri, nimeshamwambia niko salama, nikimwita tena ataniona mwongo. Tena ataniuliza nilikuwa nafanya nini juu ya kiti cha meneja. Akaamua ajikaze, ainuke mwenyewe. Mguu ukakataa. Akajaribu kujivuta aifikie simu yake. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa chumba cha chai, mwisho kabisa wa ukumbi. Alijivuta hatua mbili tu, macho yakaingia giza.

Alipozinduka, maumivu yalikuwa yameishinda aibu. Akaitoa kengele, akabonyeza kitufe chekundu. Ikalia ti, ti, ti. Kisha ikazima. Betri ilikuwa imekwisha. Hakuwa ameichaji tangu Jumatano.

Hapo ndipo Kavindu alipoogopa kweli. Leo ni Jumamosi, aliwaza. Kesho ni Jumapili. Watu watakuja Jumatatu.

Saa tisa simu ililia mkobani. Aliujua mlio huo, ni wa Mukonyo. Ikalia ikanyamaza. Ikalia tena ikanyamaza. Kavindu akalia pamoja nayo. Alitaka kumwambia mumewe kitu kimoja tu, kwamba anaumia, na hakukuwa na njia ya kumwambia.

Saa kumi na nusu Zadock alipekua kitabu chake cha langoni. Akaona jina la Kavindu limeingia, halijatoka. Akapanda juu. Akamkuta sakafuni, midomo imekauka.

"Mama Kavindu! Habari?"

"Mzuri, Zadock," Kavindu akasema kwa sauti ndogo. "Lakini mguu umekataa."

Baadaye Zadock aliwasimulia watu jambo hilo wakacheka hadi wakashika mbavu. Lakini siku hiyo hakucheka. Alivua koti lake akamfunika, akaita gari la wagonjwa, akamshika mkono hadi lilipofika.

Madaktari walimtia chuma mguuni. Daktari mmoja alimwambia Mukonyo, "Mzee, shukuru Mungu. Angekaa vile mpaka Jumatatu, leo tungekuwa tunaongea mambo mengine." Mukonyo aliketi kwenye benchi, akakishika kifua chake.

Wiki mbili baadaye Kavindu alikuwa nyumbani, mguu juu ya kigoda. Mlango ukabishwa. Aliingia msichana mwembamba, amebeba mkate na maziwa, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala.

"Mimi naitwa Caren," akasema. Akasimama tu, hakuketi. "Mama, ni mimi."

"Wewe nani, mwanangu?"

"Ile sauti."

Mukonyo akaweka mkasi chini.

"Ni wewe uliyemwacha mke wangu sakafuni kwa muda wa saa tatu na nusu?"

"Nyamaza, baba Mwau," akasema Kavindu. "Aliniuliza, mimi nikamwambia mzuri. Tena nikamwambia asalimie watu! Keti, mwanangu. Usilie. Baba Mwau, weka chai."

Caren akaketi, akajipangusa macho.

"Mama, kosa si lako peke yako," akasema. "Mimi sikuuliza vizuri. Kule kwetu Siaya, nyanya alinifunza nisiongee na mtu mzima kabla ya kumsalimia. Kazini tulifunzwa kuuliza shida kwanza. Lakini nilipoona jina lako na miaka yako, nikaona haya. Nikaanza na habari ya mchana."

"Na mimi nikafunzwa salamu hujibiwa vyema," akasema Kavindu.

"Basi ndiyo hivyo. Adabu yangu na adabu yako ndizo zilizokulaza pale."

Kavindu akatikisa kichwa pole pole. Mukonyo akaleta chai, na safari hii alimtilia Caren sukari mwenyewe.

"Sasa tufunze," akasema Mukonyo. "Mimi sikuwa kwenye hayo mafunzo, na huyu alikuwa anakula mandazi."

Caren akacheka kwa mara ya kwanza. Akatoa kengele mpya kwenye mfuko wake, akaiweka mezani.

"Kitu cha kwanza, hii ivaliwe nje ya nguo, mahali mkono unafika haraka. Ukiifunga kwa leso, utaifungua saa ngapi nawe unaumia? Na sauti yako tutaisikiaje vizuri?"

"Watu watasema ni hirizi," akasema Kavindu.

"Hilo niachieni mimi," akasema Mukonyo. "Endelea, mwanangu."

"Betri. Ukichaji simu usiku, chaji na hii, ziwe pamoja kama mapacha. Halafu asubuhi, kabla ya kuanza kazi, bonyeza utujaribu. Tutakujibu. Siku tusipokujibu, usipande juu. Mwambie Zadock."

"Mtachoka na mimi kila siku."

"Tuchoke, mama. Ndiyo kazi yetu. Na ukifika kazini tuambie uko orofa gani na upande gani. Kengele inajua jumba, lakini haijui kama uko chooni au jikoni."

Mukonyo akauliza, "Na akianguka azimie, ashindwe kuongea?"

"Tukiita na kukawa kimya, hatungoji. Kimya tunakihesabu ni kilio. Tunampigia mlinzi apande, na tunaita gari la wagonjwa. Ndiyo maana tunataka namba ya Zadock na yako, zile zinazopatikana. Ukibadilisha namba, tuambie."

Kisha akamgeukia Kavindu.

"Na sasa salamu. Mimi sitakusalimia tena, mama, na usiseme sina adabu. Nitauliza hivi: Kavindu, unahitaji msaada? Kama umeumia, sema mbaya. Neno moja tu linatosha. Kama huna shida, pengine umebonyeza kwa bahati mbaya, utasema neno ambalo tumekubaliana mimi na wewe. Ukiniambia mzuri, sitakubali. Ukimshukuru Mungu, nitaitikia amina na Zadock atapanda juu. Chagua neno lako."

Kavindu akafikiri. "Muthokoi," akasema.

"Muthokoi?"

"Siwezi kulisahau hilo hata usingizini."

Wakacheka wote. Kisha Caren akawa na uso wa kazi tena.

"Lakini, mama, kengele haimshiki mtu asianguke. Inaita tu. Kiti chenye magurudumu si ngazi. Tumeongea na kampuni. Ufunguo wa stoo utakuwa kwa Zadock kila Jumamosi. Na yeye atakupigia kila baada ya saa moja."

Caren alipoondoka, Mukonyo alikusanya vikombe. Kisha akasema, "Mimi sitaki urudi."

"Baba Mwau."

"Nilikupigia simu mara saba siku ile. Mara saba! Nilikuwa nimeketi hapo nje, natia vifungo, nawe umelala chini unaisikia simu yangu. Siwezi tena. Sitaki kukuzika kwa ajili ya dirisha."

Kavindu akamtazama. Mume wake si mtu wa kusema maneno kama hayo, na yalimwingia moyoni.

"Nakusikia," akasema. "Lakini kazi ile naipenda. Nikikaa hapa kutwa nitaanza kukufundisha kushona, tutaachana. Nipe nafasi moja. Nikishindwa mazoezi, nitakaa."

"Mazoezi gani?"

"Ya kusema mbaya."

Basi mazoezi yakaanza. Mukonyo alikuwa akijificha nyuma ya pazia, au nje karibu na karo la kufulia, halafu anaita ghafla, "Kavindu! Unahitaji msaada?"

Siku ya kwanza Kavindu alishtuka akajibu, "Mzuri, baba Mwau!" Mukonyo alicheka hadi akakohoa, akashika kifua. Siku ya pili akajibu, "Tunashukuru." Siku ya tatu akasema "Muthokoi" huku ameungua kidole kwa mvuke wa sufuria, na Mukonyo akakiona kidole, akamkemea.

"Hapo umedanganya. Sema ukweli."

"Kidole tu?"

"Ukizoea kuficha kidole utaficha mguu."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Kavindu akagundua kwamba kusema "naumia" ni kazi ngumu kuliko kupiga deki orofa tisa. Ulimi unakataa. Lakini wiki baada ya wiki ulimi ukalegea. Siku moja Mukonyo aliita kutoka nje, naye akajibu bila kufikiri, "Mbaya! Mguu umekaza, siwezi kuinuka, njoo!" Mukonyo akaja mbio, akamkanda mguu, na wote wawili wakafurahi kama watu waliofaulu mtihani.

"Na wewe?" Kavindu akauliza. "Kifua?"

"Mzuri. Mwenye mazoezi ni wewe, si mimi."

Mguu ulipopona, Mukonyo alimshonea kijifuko kwenye kifua cha aproni yake ya kazi. Kilikuwa cha kitambaa cha buluu, kimezungushiwa uzi mwekundu, kina kifungo cha kuzuia kengele isidondoke, na tundu la kitufe. Aliyekiona alidhani ni alama ya kampuni. Jumapili moja Kavindu alikipeleka kanisani, akawaeleza kina mama. Hakuna aliyesema hirizi. Mmoja aitwaye Nzula, anayelinda mtoto na bibi mgonjwa peke yake kule Kinoo, aliuliza kama mwajiri wake anaweza kumpatia.

"Muulize," akasema Kavindu. "Usione haya. Haya iliniweka sakafuni."

Basi Kavindu akarudi kazini. Kila Jumamosi alifanya alivyofunzwa. Alibonyeza, Caren akajibu. Alitaja orofa na upande. Alichukua ngazi kwa Zadock. Na kila baada ya saa moja Zadock alimpigia, akamtania kidogo, akakata simu.

Jumamosi ya nane, kama saa tano asubuhi, Kavindu aliingia chooni, chumba kidogo kisicho na dirisha. Alikuwa amekwisha kumwaga klorini sakafuni. Akachukua chupa iliyokuwa kwenye rafu, haina karatasi ya jina, akadhani ni sabuni. Haikuwa sabuni. Mtu alikuwa ametia humo dawa kali ya kuondoa madoa ya choo. Dawa hizo mbili hazichanganywi kamwe. Zikikutana hutoa moshi wa sumu.

Mara macho yakawaka. Koo likabana. Kavindu akarudi nyuma akakohoa, akakohoa tena, pumzi ikakataa kuingia. Mkono ukaenda kifuani wenyewe. Kile kijifuko cha buluu kilikuwa pale pale. Akabonyeza.

"Kavindu, unahitaji msaada?"

Hakukuwa na habari ya asubuhi. Hakukuwa na neno "mama". Na Kavindu, kwa pumzi iliyobaki, akasema neno alilolifanyia mazoezi nyuma ya pazia na mbele ya sufuria.

"Mbaya. Choo. Moshi."

"Nimekusikia. Zadock anapanda. Kama unaweza kutoka humo chooni, toka sasa. Tambaa. Funga mlango nyuma yako. Niko na wewe."

Kavindu akatambaa. Akausukuma mlango kwa mguu wenye chuma. Caren hakunyamaza hata kidogo. "Niko na wewe. Niko na wewe." Zadock alitoka kwenye lifti kabla ya dakika tano kuisha, akamvuta hadi kwenye ngazi, penye hewa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaitwa.

Mukonyo alipopata simu aliacha kaptula ya mtoto wa watu chini ya sindano. Alifika hospitalini akitweta. Akamkuta mkewe kitandani, ana mpira wa hewa puani, macho mekundu, lakini mzima.

"Mama Mwau," akaita.

"Mbaya," akasema Kavindu, sauti ikikwaruza. "Koo linawaka. Niliogopa sana. Kaa hapa, unishike mkono."

Mukonyo akakaa, akaushika. Katika miaka ishirini na saba mke wake hakuwahi kumwambia maneno kama hayo waziwazi. Akayapenda, na yakamuuma.

Kavindu akamtazama. Akaona jasho kwenye paji la uso. Akaona ule mkono mwingine, uko pale pale ulikozoea kuwa, juu ya kifua.

"Na wewe? Habari yako?"

"Mzu..."

"Baba Mwau!" Kavindu akainuka kidogo, mpira wa hewa ukapinda. "Tumefanya mazoezi miezi mingapi?"

Mukonyo akatazama sakafu. Alikaa hivyo, mtu mzima, fundi wa mtaa mzima.

"Mbaya," akasema mwishowe. "Kifua kinabana, tangu Krismasi. Nikipanda ngazi ni kama mtu amekikalia. Kichwa pia. Sikutaka uwe na hofu."

"Sista!" Kavindu akaita kwa koo lake bovu. "Sista, njoo! Mgonjwa ni huyu!"

Muuguzi alikuja akampima. Akapima mara ya pili, akaita daktari mbio. Shinikizo la damu lilikuwa juu mno, na moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Walimlaza kitanda cha pili kutoka kwa mkewe. Daktari aliwaambia angengoja wiki chache zaidi, pengine angelala siku moja asiamke. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mukonyo alikuwa ameujua msemo huo tangu utotoni, na alikuwa akiwaambia wengine.

Walirudi nyumbani Satellite pamoja. Mukonyo ana vidonge vyake, huvimeza kila asubuhi Kavindu akimtazama hadi avimeze. Chumvi imepungua mezani, na amelalamika sana kuhusu hilo. Kule Westlands kila chupa ya dawa sasa ina jina, na hakuna mtu anayemimina kitu kwenye chupa ya kitu kingine. Nzula alipata kengele yake. Caren hufundisha wenzake, na kila akifundisha huanza na kisa cha mama aliyemwambia asalimie watu.

Watu wa mtaa wana lalamiko moja tu. Wanasema siku hizi ukimuuliza Mukonyo habari, vuta kiti kwanza, kwa maana atakuambia.

Jumamosi iliyopita Kavindu alikuwa orofa ya tisa, ngazi imesimama imara mbele ya dirisha refu, kengele kwenye kijifuko cha buluu. Simu yake ikalia. Siku hizi hukaa nayo mfukoni.

"Kavindu, unahitaji msaada?" akauliza Mukonyo.

"Muthokoi," akajibu. "Na wewe?"

Akasikia cherehani ikisimama.

"Goti," akasema Mukonyo. "La kushoto. Tangu jana."

"Basi ondoka kwenye hiyo cherehani, ulinyooshe. Nikija nitalikanda."

"Sawa. Usikawie."

"Sikawii, baba Mwau."

Kavindu akarudisha simu mfukoni. Akapanda ngazi, akalipangusa dirisha lile hadi vilima vya Ngong vikaonekana vyote.